Mandari Bila Kuwaamsha Wenyewe

Mwaka jana tulikwenda mandari Manda na marafiki, tukalala ufuoni. Wali wa nazi walitupikia wake zetu kabla ya alfajiri. Kufika adhuhuri ulikwisha kuchacha. Tukaumwaga pamoja na jasho lao. Tuliporudi wakatuuliza ulikuwaje, tukainamisha macho.

Safari hii tuliwaacha walale. Tulichukua mchele, nazi nzima na mbuzi wa kukunia, ndimu, pilipili, na madumu ya maji, maana Manda maji matamu ni adimu. Changu tulimtia chumvi na ndimu, tukamchoma kwa makaa ya vifuu huku tukimpaka tui zito. Wali uliungua kidogo; ukoko ukagombaniwa. Mpishi, aliyezoea kuandaliwa kwake, alikula mwisho.