Je, Wajua? Kura ya mauti

Tarehe 26 Juni 1948, jarida la The New Yorker la Marekani lilichapisha hadithi fupi ya Shirley Jackson, "The Lottery". Kila mwaka wanakijiji huchomoa vikaratasi kwenye kisanduku cheusi. Atakayepata chenye doa jeusi hupigwa mawe. Asili ya desturi hiyo imesahaulika, lakini mawe hayajasahaulika. Safari hii kura inamwangukia mama mmoja, na hata mwanawe mdogo anapewa vijiwe mkononi.

Jackson alipokea barua zaidi ya 300, nyingi za hasira na mshangao. Cha kutisha zaidi, baadhi ya wasomaji waliuliza desturi hiyo inafanyika wapi, wakaitazame. Mila isiyohojiwa huua. Tuzihoji zetu.