Unganisha Miaka Yako ya Kazi Kabla ya Kustaafu Mapema

Katika vikundi vyetu wengi wana mume, mke au ndugu aliyeajiriwa na serikali: mwalimu, nesi, dereva, karani. Akifika miaka 50 anaweza kuomba kustaafu mapema, ingawa tangu 2009 umri wa lazima ni miaka 60. Anataka kurudi nyumbani afuge kuku, alipe deni la shamba. Hakuna ubaya. Lakini kabla hajaandika barua, aulize: je, miaka yangu yote ya kazi imehesabiwa pamoja?

Pensheni ya zamani ya serikali huhesabiwa kwa miezi. Chukua miezi uliyofanya kazi, gawanya kwa 480, kisha zidisha kwa mshahara wa msingi wa mwisho. Marupurupu ya nyumba hayamo. Na ni lazima uwe umetimiza miaka 10. Chini ya hapo hupati pensheni ya kila mwezi, unapewa kiinua mgongo tu.

Tuseme mama mmoja alifundisha chini ya TSC miaka 8, kisha akahamia wizarani miaka 14. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 48,000. Ile miaka 14 peke yake ni miezi 168, kwa hivyo pensheni ni shilingi 16,800 kwa mwezi. Akiunganisha yote, ni miezi 264, nayo ni shilingi 26,400. Tofauti ni 9,600 kila mwezi, maisha yake yote! Akichukua robo kama mkupuo, kama wengi wafanyavyo, robo hiyo ya mwaka huzidishwa mara 20: anapata shilingi 1,584,000 badala ya 1,008,000, na kila mwezi anabaki na 19,800. Pesa hizo zinazidi ng'ombe kadhaa wa maziwa.

Sasa miaka hupotelea wapi? Mara nyingi ni pale mtu alipobadilisha mwajiri. Kuhama kwa idhini ni kitu kimoja, kuacha kazi ni kingine. Chini ya sheria ya zamani, aliyeandika barua ya kuacha kazi hupoteza haki ya pensheni ya miaka ile. Kwa hivyo tafuta barua ya kwanza ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini, na ile ya kukubaliwa kuhamisha utumishi. Ikikosekana, mwombe mwajiri wa zamani nakala sasa, ukiwa bado kazini na mshahara unaingia. Ukingoja mpaka umestaafu, utapanda matatu kwenda Nairobi mara nyingi, na faili litakuwa linatafutwa.

Kwa wale ambao hawakuwa wamefika miaka 45 Januari 2021, mambo yamebadilika. Waliingizwa katika mpango mpya wa kuchangia: mfanyakazi sasa hutoa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, serikali asilimia 15. Huyu ana mafungu mawili. La kabla ya 2021 huhesabiwa kwa kanuni ya 480, na la michango limo katika akaunti yake. Adai yote mawili.

Pesa za NSSF, kama uliwahi kuchangia ukiwa kibarua au katika kampuni, haziunganishwi na hizi. Nenda ofisi yao na kitambulisho na namba yako ya uanachama, uzidai kando.