Jicho la umeme

Mtoto akiugua homa ya mapafu, mwuguzi humbana kidole kwa chombo kidogo. Mwanga mwekundu, na mwingine usioonekana, hupenya nyama na damu. Upande wa pili jicho la umeme huupokea. Damu yenye oksijeni tele hupitisha mwanga mwekundu zaidi kuliko damu iliyopungukiwa. Hivyo hatari hujulikana hata kabla midomo ya mtoto haijageuka rangi.

Kwa kawaida jicho hilo ni silikoni, itokayo mchangani. Silikoni ni semikondakta: gizani umeme hupita kwa shida, bali nuru ikiipiga, elektroni hufunguliwa zikaanza kutembea. Walakini kuiyeyusha kwahitaji moto wa digrii zaidi ya 1,400, nayo haikunjiki upesi bila kuvunjika.

Je, plastiki? Sote tulifundishwa ya kuwa haipitishi umeme. Lakini mwaka 1967, huko Tokyo, mtafiti mmoja aliyefanya kazi pamoja na Hideki Shirakawa alitia kichocheo mara elfu kupita kipimo. Kosa hilo likazaa utando wenye kung'aa kama fedha. Shirakawa hakuutupa, bali aliuchunguza. Mwaka 1977, pamoja na Alan Heeger na Alan MacDiarmid, alionyesha kwamba utando wa namna hiyo, ukitiwa iodini, hupitisha umeme vema. Mwaka 2000 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Tangu hapo wataalamu wamefanyiza vitu vya ukoo huo vyenye kuhisi nuru. Huyeyushwa kama wino, vikapakwa juu ya plastiki nyembamba. Mwaka 2014, huko Berkeley, Marekani, vilitumika kupima oksijeni ya damu kidoleni. Viko pia vitu chotara viitwavyo perovskaiti, ambamo kaboni na madini huungana. Hivyo huhisi hata mionzi ya eksirei.

Lakini tuseme kweli: unyevu na hewa huviharibu upesi, na perovskaiti nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kazi haijaisha.

Basi, enyi wanafunzi, kukosea kipimo si aibu. Aibu ni kutupa kosa bila kulitazama, maana Mungu ameficha hazina nyingi katika vitu tunavyovidharau, na huenda mojawapo ikaokoa pumzi ya mtoto.