Mionzi na Moyo (2): Madhara Yanayokawia

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mionzi inavyoua seli za saratani. Leo tumtazame jirani anayeumia bila kukusudiwa, yaani moyo.

Moyo umeegemea upande wa kushoto. Ndiyo maana mwanamke aliyepigwa mionzi kwa saratani ya titi la kushoto yumo hatarini kuliko mwenzake wa kulia. Wamo pia waliotibiwa saratani ya umio, au ya tezi za kifuani wakiwa vijana. Mionzi hujeruhi kuta za ndani za mishipa ya damu. Kidonda kikipona huacha kovu, ukuta hukakamaa, na njia ya damu husinyaa. Utando unaoufunika moyo huweza kuvimba mapema, lakini vali na misuli huweza kukaa miaka 10 au 20 kabla ya kulalamika.

Mwaka 2013, Sarah Darby wa Oxford na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanawake 2,168 wa Uswidi na Denmark waliotibiwa saratani ya matiti kati ya 1958 na 2001. Kila grei moja (kizio cha kupimia mionzi) iliyoufikia moyo, kwa wastani, iliongeza hatari ya maradhi makubwa ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Hiyo si sababu ya kukimbia matibabu: saratani iliyoachwa haimngojei mtu miaka 20. Tena mashine za sasa hulenga vyema zaidi, na mgonjwa akivuta pumzi na kuibana, moyo husogea mbali na titi.

Taabu yetu ni utambuzi. Kwa miaka mingi hospitali ya umma yenye tiba ya mionzi nchini Kenya ilikuwa Kenyatta pekee, jijini Nairobi. Chukua mama wa Ndara, karibu na Voi: alitibiwa Nairobi, faili ikabaki huko. Miaka 15 baadaye anahema akipanda mlima, miguu imevimba, na jibu analopewa ni uzee au presha. Daktari wa Voi atajuaje, ikiwa hakuambiwa?

Kipimo cha umeme wa moyo ni mwanzo tu. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, huonyesha vali na nguvu ya msukumo, ila eko safi haithibitishi kwamba mishipa ni mizima. Kuichunguza mishipa huhitaji kipimo cha mazoezi au skani. Wataalamu hushauri eko miaka 10 baada ya mionzi hata kwa asiye na dalili, na baada ya 5 kwa mwenye hatari kubwa.

Basi, uliyepigwa mionzi kifuani, omba hospitali ikuandikie mwaka, upande na kiasi cha mionzi, na karatasi hiyo umwonyeshe kila daktari kabla hajakuuliza.