Ukifika Lavaux, shuka kwenye treni

Treni itokayo Lausanne kwenda Vevey, huko Uswisi, hupita chini ya mizabibu ya Lavaux kwa dakika chache tu. Abiria wengi hupiga picha dirishani wakaridhika. Mimi niliyekulia Mlalo, kwenye mashamba ya miteremko ya Usambara, nakuambia shuka Saint-Saphorin, fuata vibao vya njano, utembee hadi Lutry. Ni kama kilomita 11, na vijiji vya njiani vina vituo, hivyo miguu ikigoma hutakwama.

Mlima mzima, hadi karibu na maji ya ziwa Geneva, umekatwa matuta, kila tuta likishikwa na ukuta wa mawe. Ukiziunganisha kuta hizo, urefu wake unapita kilomita 400. Chanzo chake ni karne ya 11, watawa walipokuwa wakimiliki ardhi hii. Gusa ukuta jioni ya Septemba: bado una moto. Wenyeji husema zabibu zao zina majua matatu: la angani, lile linalorudishwa na ziwa, na la mawe haya, yanayohifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Ndiyo yanayoivisha Chasselas, zabibu nyeupe ya hapa.

Lakini kilichonigusa hasa ni udongo. Mvua huuteremsha, na zamani wakulima waliuzoa huko chini wakaupandisha tena kwa matenga ya mgongoni. Aliyewahi kulima mlimani anajua uchungu wa kuona udongo wake ukienda zake. Leo kuna vigari vinavyopanda kwa reli moja, ila matuta mengi ni membamba mno kwa trekta, na zabibu huchumwa kwa mkono.

Utajiuliza mbona hakuna majumba ya kifahari mahali panapotazama ziwa na milima ya Alps. Mwaka 1977, baada ya kampeni ya mwanamazingira Franz Weber, wapiga kura wa jimbo la Vaud waliamua Lavaux ilindwe na katiba ya jimbo lao. UNESCO iliitangaza Urithi wa Dunia mwaka 2007, miaka 30 baadaye. Nafurahi sana kwamba wenyeji ndio waliotangulia.

Ukienda wakati wa mavuno, wapishe wachumaji wenye makasha, na usichume hata punje moja. Ukitaka kuonja mvinyo, wakulima wenyewe huuza vijijini.