Baiskeli ya Mzazi na Kalenda ya Wadi

Kila mwaka, mwanzoni mwa Agosti, maelfu ya waendesha baiskeli hukatiza jimbo la Massachusetts nchini Marekani wakielekea Provincetown, mji ulio kwenye ncha ya rasi ya Cape Cod. Safari hiyo ya hisani, Pan-Mass Challenge, ilianzishwa mwaka 1980 na Billy Starr, ambaye miaka michache kabla ya hapo alimpoteza mama yake kwa saratani ya ngozi. Mara ya kwanza walikuwa watu 36 na walipata dola 10,200. Leo jumla ya fedha zilizofikishwa katika taasisi ya saratani ya Dana-Farber mjini Boston imevuka dola bilioni moja. Katika msafara huo wamo waliopona, waliofiwa, madaktari na wauguzi; na wamo wazazi ambao mtoto wao bado anameza dawa. Hao wa mwisho ndio wanaowagawa watu. Mmoja atasema huyu ndiye mzazi wa mfano. Mwingine atauliza ni mzazi gani huyo anayepanda baiskeli na kumwacha mwanawe mgonjwa. Wote wawili wanabishania sifa na lawama, na kwa mtazamo wangu swali lenye faida zaidi ni la kitabibu. Mtoto mwenye saratani hutibiwa pamoja na familia yake, na lolote analofanya mzazi katika kipindi hicho, hata usingizi wake, huingia ndani ya matibabu. Safari ya baiskeli nayo ipimwe hivyo: inampa mzazi nguvu ya kuuguza kwa miaka, au inamnyang'anya ile kidogo iliyobaki? Hoja yangu ni kwamba inaweza kumsaidia sana, kwa sharti moja gumu: baiskeli ifuate kalenda ya wadi, wadi isije ikalazimishwa kufuata kalenda ya baiskeli.

Tuchukue leukemia kali ya limfu, saratani ya damu inayowapata watoto wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Matibabu yake huchukua miaka miwili hadi mitatu. Wiki za mwanzo ni za dawa nzito zenye lengo la kuisafisha saratani kwenye uboho hadi isionekane tena kwa darubini. Hufuata miezi ya dawa za mishipani na sindano za uti wa mgongo, kisha kipindi kirefu cha vidonge, mercaptopurine kila siku na methotrexate kila wiki, mtoto akiwa nyumbani na pengine akienda shule. Mzazi ambaye jana alikuwa akiamua mtoto ale nini, alale saa ngapi na acheze na nani, sasa anakaa kwenye benchi akisubiri kuambiwa. Daktari anaamua, maabara inaamua, hesabu ya chembe nyeupe inaamua. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Anne Kazak na wenzake wa Philadelphia walichapisha matokeo ya kuwapima wazazi 171 ambao watoto wao walikuwa katikati ya matibabu ya saratani. Wote, isipokuwa mmoja, walikuwa na dalili za kiwewe: kushtukashtuka, siku ya kupewa majibu kuwarudia akilini bila kuitwa, kukwepa kila kinachoikumbusha. Dalili hizo peke yake hazimfanyi mtu kuwa mgonjwa wa akili, na ikiwa karibu kila mzazi anazo basi ni sehemu ya hali yenyewe. Lakini mzazi huyohuyo ndiye nesi wa nyumbani. Ndiye anayehesabu vidonge na kupima joto saa nane za usiku. Akilegea yeye, matibabu yanachechemea.

Ushahidi wa kinachowasaidia wazazi hawa upo. Mwaka huohuo wa 2005, Olga Jane Sahler na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha akina mama 430 ambao watoto wao walikuwa wamegunduliwa kuwa na saratani muda mfupi uliopita. Waligawanywa kwa nasibu; kundi moja likafundishwa namna ya kulishughulikia tatizo hatua kwa hatua: litaje, tafuta njia kadhaa, chagua moja, ijaribu, angalia imeleta nini. Waliofundishwa walipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Mafunzo hayo hayakuigusa saratani ya mtoto hata kidogo. Yalichofanya ni kumpa mama kitu ambacho mkono wake unakifikia. Baiskeli, ikitumiwa kwa busara, inafanya kazi ya namna hiyo. Kilomita zinahesabika. Kilima kilichomshinda mtu Jumamosi hii anaweza kukipanda mwezi ujao, na akijua wazi ni kwa sababu gani. Hospitalini hakuna anayeweza kumwahidi uhusiano ulionyooka hivyo kati ya jitihada na matokeo. Mwili nao una fungu lake: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na imethibitika kwamba mazoezi hupunguza dalili za sonona na kuboresha usingizi. Halafu kuna majirani. Familia yenye mtoto mgonjwa hukimbiwa polepole, mara nyingi bila ubaya wowote, kwa kuwa watu hawajui la kusema. Mzazi anapochangisha, anawapa watu hao la kufanya. Kwetu Afrika Mashariki jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mtu akifikwa na jambo watu huchanga, na jina lako kwenye daftari la michango ni namna ya kusema upo.

Sasa lile sharti. Baada ya duru ya dawa za saratani, chembe nyeupe za damu hushuka, mara nyingi wiki ya kwanza hadi ya pili, na mtoto hubaki karibu bila kinga. Homa ya nyuzi 38 katika siku hizo ni dharura, hata kama mtoto anacheza. Hospitali zinazofuata miongozo hujitahidi kumpa dawa za kuua bakteria ndani ya dakika 60 tangu afike mlangoni. Kwa hiyo mzazi anayepanga safari asiulize kwanza anaweza kwenda kilomita ngapi. Aulize atatumia saa ngapi kurudi, na simu yake itashika mtandao wapi. Hapo aina za safari zinatofautiana sana. Pan-Mass Challenge, kwa njia yake ndefu ya siku mbili inayokaribia kilomita 300, inamfaa mzazi ambaye mtoto wake ameshafika kwenye kipindi cha vidonge na hali yake imetulia. Great Cycle Challenge, inayofanyika Australia, Kanada na Marekani kuchangia mapambano dhidi ya saratani za watoto, imepangwa vingine: mshiriki ana mwezi mzima, anajiwekea kilomita zake, anaendesha mahali popote, hata kwenye baiskeli isiyosogea iliyofungwa sebuleni. Kwa mzazi aliye kwenye miezi ya mwanzo, mpango wa namna hii ndio pekee ninaoweza kuushauri. Jambo lingine ambalo watu husahau ni kwamba safari yenyewe ni siku moja au mbili tu. Kinachokula muda ni miezi ya mazoezi, na kinachotishia zaidi ni ajali: mlezi aliyevunjika mkono ni mgonjwa wa pili nyumbani.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka wadini. Katika hospitali zetu nyingi anayelala kando ya kitanda cha mtoto ni mama, au bibi. Baba akitangaza safari ya hisani, yeye anapata hewa, jasho na makofi, na mama anabaki na beseni la matapishi. Pingamizi hili lina ukweli mwingi, na mtu asilijibu kwa kusema kila mmoja ana njia yake ya kukabiliana na msiba. Jibu ni zamu, tena zamu za kuandikwa. Baba akichukua saa nne za mazoezi Jumamosi, saa nne nyingine akae yeye wadini, mama akalale, akasuke nywele au akasali. Na inaweza kuwa mama ndiye mwenye baiskeli. Kalenda haina jinsia. Familia isiyoweza kupanga zamu hizo, kwa sababu mzazi ni mmoja au kwa sababu wadi iko mkoa mwingine, iiache baiskeli, na watu wa karibu wasiisukume kwa maneno matamu ya ushujaa.

Wengine huhoji fedha. Kama shida ni pesa, kwa nini mtu ateseke barabarani badala ya kuomba tu? Wanasaikolojia Christopher Olivola na Eldar Shafir walilichunguza hili na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Waligundua kwamba watu huwa tayari kuchangia zaidi pale ambapo kuchangia kunadai maumivu na juhudi, kwa mfano kukimbia maili tano, kuliko pale ambapo kunadai kukaa kwenye mandari. Na mwelekeo huo una nguvu zaidi pale jambo linalochangiwa linapohusu mateso ya binadamu. Mateso huipa sadaka uzito machoni pa mtoaji. Ila uzito huo waweza kuliwa njiani na fulana, medali, jukwaa na muziki. Pan-Mass Challenge hupeleka Dana-Farber asilimia 100 ya michango inayokusanywa na waendeshaji kwa sababu gharama hulipwa na ada na wadhamini. Mzazi ana haki ya kumuuliza mwandaaji yeyote swali hilohilo kabla ya kutoa jina lake.

Na fedha za utafiti, zitamfaa nini mtoto anayeumwa leo? Huenda zisimfae kitu. Mwaka 1948, Sidney Farber wa Boston alieleza alivyowapa watoto 16 wenye leukemia dawa iitwayo aminopterin. 10 kati yao walipata nafuu, nafuu ya muda tu. Mwaka huohuo kipindi kimoja cha redio kuhusu mtoto aliyepewa jina la Jimmy kilivuna zaidi ya dola 200,000 za kuendeleza kazi hiyo. Methotrexate, kidonge cha kila wiki nilichokitaja, ni ndugu wa karibu wa dawa ile ya Farber, na katika nchi tajiri watoto 9 hivi kati ya 10 wenye leukemia hii sasa wanaishi miaka mitano na zaidi. Mzazi wa Boston anayechangia utafiti analipa deni kwa watu asiowajua.

Afrika Mashariki hesabu ni nyingine, na hapa naona mwigo unaweza kutupotosha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona, katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Lengo lililowekwa mwaka 2018 ni kufikia angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Pengo hilo kwa sehemu kubwa halisubiri dawa mpya. Watoto huchelewa kugunduliwa, dawa zinazojulikana huisha stoo, na wengi huacha matibabu katikati. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, ulionyesha kuwa kati ya watoto waliogunduliwa na saratani kati ya 2007 na 2009 na ambao matokeo ya matibabu yao yalirekodiwa, zaidi ya nusu waliacha matibabu, na kuwa na bima ya afya kulileta tofauti kubwa. Kwa hiyo mzazi wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kuendesha baiskeli afuate pesa inakohitajika: nauli ya kurudi kliniki, malazi ya mama karibu na hospitali, ada ya bima. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, shirika la Tumaini la Maisha limekuwa likisaidia watoto wenye saratani kutibiwa bila malipo. Njia ya kuchangisha kwa miguu na magurudumu nayo si ngeni kwetu: Mater Heart Run ya Nairobi imekuwa ikichangia upasuaji wa moyo wa watoto tangu 1993, na mbio za CRDB Marathon, zenye kipengele cha baiskeli, zimechangia upasuaji kama huo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Bado kuna picha ya mtoto. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walionyesha kwamba watu walioonyeshwa msichana mmoja wa Mali, Rokia, walitoa zaidi ya mara mbili ya waliopewa takwimu za njaa. Waandaaji wanalijua hili, na ndiyo maana huomba picha ya mtoto asiye na nywele. Mtoto huyo atakua. Picha itabaki kwenye simu za watu atakapokuwa kidato cha tatu. Mtoto wa miaka saba au minane anaelewa akiulizwa. Aulizwe, na akikataa basi, safari ibebwe na jina la mzazi. Michango itapungua kidogo, na gharama hiyo ni halali.

Kwa waandaaji, ombi langu ni moja: wekeni kifungu kinachomruhusu mzazi wa mtoto aliye kwenye matibabu kujitoa hata alfajiri ya safari, bila kudaiwa ada wala kiwango cha mchango. Na wewe mzazi, kabla hujajiandikisha, chukua ratiba ya dawa umpelekee daktari wa mtoto, umuulize ni wiki zipi unaweza kuwa mbali na kwa saa ngapi. Akikwambia hakuna, mwaka huu chukua kazi ya kusajili michango na uwaachie wengine barabara.