Omu Kwanza, Wati Baadaye: Kuoanisha Amplifaya na Spika ya Besi

Barabara itokayo Sumbawanga kupitia Matai hufika Kasesya, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Dereva apendaye muziki wa besi nzito safarini hana budi kujua kwamba amplifaya na spika visipooana, huunguzana.

Jambo la kwanza ni ukinzani, upimwao kwa omu. Spika nyingi za besi zina koili mbili. Koili mbili za omu 4 zikiungwa sambamba, ukinzani huwa omu 2. Zikiungwa kwa mfululizo, huwa omu 8. Kwa volti ile ile, omu zikipungua nusu, mkondo wa umeme huongezeka maradufu. Kwa hiyo amplifaya isiyostahimili chini ya omu 4, ikibebeshwa omu 2, hupata joto kali na huweza kuungua.

Omu zikishaafikiana, zilinganishwe wati za kudumu, wala si wati za kilele, ambazo spika huzihimili kwa kitambo kidogo tu.

Mwenye lori aangalie pia betri. Malori mengi hutumia volti 24, ilhali amplifaya nyingi za magari huhitaji volti 12. Hapo hutakiwa kifaa cha kupunguza volti.